Tulipoziba Mtaro wa Maji ya Moto

Juma lililopita binti mmoja aliyeajiriwa kwenye idara yangu ya zamani alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza, "Mama Kabula, hivi uendelevu ni nini hasa? Nina semina, natakiwa kuwaeleza watu." Nilikuwa uani nachambua mlenda. Nikamwambia, "Mwanangu, hata mimi nilistaafu kabla sijamaliza kuuelewa. Lakini nikusimulie yaliyotupata, halafu wewe uchague la kusema." Nikaongea mpaka salio lake likamwishia katikati ya habari. Basi nawaandikia ninyi nyote mnaoanza kazi hii, na yeye akiwemo, maana alikatikia pale pabaya.

Kiwanda chetu, kile cha barabara ya Tinde, ni kikongwe kuliko mimi. Kinachambua pamba, kinakamua mbegu zake mafuta, mafuta mengine yanapikwa sabuni, na mashudu yanayobaki wanakula ng'ombe. Nilianzia kwenye kufunga miche ya sabuni. Nikahamishiwa ofisi ya wananchi kwa sababu mbili: najua Kisukuma cha ndani, na nina sauti ambayo msimamizi alisema inamharibia hesabu. Ofisi ile ilibadilishwa jina kila alipokuja mkubwa mpya. Nilipoingia iliitwa Misaada. Ikawa Mahusiano ya Jamii. Nilipotoka ilikuwa Uwajibikaji na Uendelevu, na kibao cha mlangoni kilikuwa kirefu kuliko mlango. Kazi haikubadilika: unakwenda kijijini, unapewa kigoda, unasemwa.

Aliyenifundisha kusemwa alikuwa Baba Shija, mzee aliyeishika ofisi ile kabla yangu. Safari yangu ya kwanza nilivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nikafika mbele ya wanakijiji nikaanza moja kwa moja, "Ndugu wananchi, kampuni imewaletea..." Baba Shija akanikanyaga mguu. Nikadhani bahati mbaya, nikaendelea. Akanikanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Kisha akasimama yeye. "Mwangaluka!" Wote wakaitikia. Akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza mgonjwa wa nyumba fulani kama ameanza kula. Chai ikaletwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukatafuna. Ndipo akasema, "Tumekuja kuuliza." Nikachechemea siku nzima, lakini tangu hapo sijawahi kuanza mkutano na neno "tumewaletea".

Njiani kurudi akaniambia, "Ukimletea mtu kitu ambacho hakukiomba, atakushukuru. Na hapo ndipo utapotea, maana utadhani amefurahi."

Sikumwelewa mpaka tulipopanda miti Buseresere. Kule tuna ghala la kununulia pamba, na wakubwa wakataka nasi tuonekane tunayapenda mazingira. Tukapeleka lori zima la miche. Ngoma zikapigwa, picha zikapigwa, tukasimika na bango kubwa la bati lenye jina la kampuni. Watu wakatushukuru sana. Nilipopita tena baada ya masika, mbuzi walikuwa wamekula kila kitu, mpaka vijiti vya kuegemezea. Kilichobaki ni bango, na mbuzi walikuwa wanajikunia migongo pale. Mzee mmoja akanisindikiza kuliangalia, akaligonga kwa fimbo, akasema kwa upole kabisa, "Mayu, mama yangu, huu mti wenu wa bati umeshika vizuri."

Sasa nije kwenye mtaro.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mtaro uliotoa maji ya kupozea mitambo. Msiogope. Maji yale hayakugusana na mafuta wala dawa. Yalivutwa kisimani, yakapita kwenye mabomba, yakabeba joto la mashine, yakatoka upande wa pili yakiwa vuguvugu, saa nyingine ya moto hasa. Yalishuka taratibu mpaka kijiji cha jirani, Mwabuganga, yakaishia mbugani. Nani aliyaelekeza kule, hakuna aliyejua. Yalikuwepo tu, kama njia ya mguu.

Akaja meneja mpya wa uendelevu, Bwana Mushi. Kijana mzuri, msomi, hana majivuno, anasalimia mpaka wafagizi. Ila alikuwa na chupa yake ya chuma ya maji aliyoibeba kama mtoto, na hakuweza kuona kitu kikimwagika. Siku ya kwanza nikamtembeza. Tulipofika mtaroni akasimama, nikadhani ameona nyoka.

"Mama Kabula, haya ni maji!"

"Ndiyo, baba."

"Yanamwagika!"

"Hayamwagiki. Yanakwenda kijijini."

"Nani kasema yaende kijijini?"

Bwana Mushi akanieleza kwamba nchi hii ni kavu, kisima kinashuka mwaka hadi mwaka, na sisi tunayamwaga maji mchana na usiku. Alisema kweli, nami nikakubali kwa kichwa. Nikamwambia tu, "Twende kwanza tukaongee na Mwabuganga." Akaniangalia kwa huruma. "Mama, tukaongee nini? Hatuwachukulii kitu. Tunaacha kumwaga." Chai ya saa nne ikaja, tukaenda kunywa.

Wakajenga mnara wa kupoza yale maji ili yarudi kwenye mitambo yakatumike tena. Mtaro ukazibwa kwa zege. Makao makuu wakatutumia keki yenye mchoro wa tone la maji. Tuliikata kwa makofi. Kipande changu kilikuwa na jicho la lile tone, maana walilichora likitabasamu.

Siku chache baadaye mlinzi akanipigia simu kutoka getini. "Mama, kuna mzee hapa ana taulo."

Nikatoka. Ni Mzee Ng'wandu, mtu mrefu aliyepinda. Alichimba dhahabu Mwakitolyo mpaka mgongo ukamgomea, akarudi nyumbani na ule mgongo tu. Taulo begani, kandambili miguuni, mche wa sabuni mkononi.

"Shikamoo, Mzee Ng'wandu."

"Marahaba, mayu. Nimekuja kuoga."

Mlinzi akadakia, "Mzee, hiki ni kiwanda!"

"Najua ni kiwanda," akasema Mzee Ng'wandu. "Ndiyo maana nimekuja na sabuni yenu."

Akanieleza. Kila jioni alilala mtaroni, pale penye mawe bapa, mgongo ndani ya maji ya moto, na ndivyo alivyoweza kuinuka asubuhi. Sasa mtaro umekauka na yeye ananyanyuliwa kitandani na mkewe, na mkewe ni mdogo wa umbo na hana subira. "Jana aliniachia nusu ya safari," akasema. Hakuwa peke yake. Wachimbaji wenzake kutoka Mwakitolyo walikuwa wakija na pikipiki siku za gulio kulowesha viungo. Nilifanya kazi ukuta mmoja na mtaro ule miaka yote, nikijua watu wanafulia nguo. Kumbe nyuma yetu kulikuwa na hospitali.

Nikampeleka kwa Bwana Mushi. Bwana Mushi akamwamkia, akampa kiti, kiti kikawa kirefu, akampa kingine. Alisikitika kwa moyo kabisa. Akaahidi kumtafutia daktari wa mifupa. Mzee Ng'wandu akamshukuru, kisha akauliza, "Huyo daktari ana maji ya moto?"

Baada ya hapo wakaja akina mama. Kiongozi wao alikuwa Mama Minza, anayepika na kuuza chakula gulioni, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, jambo lililowapoteza wengi. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu. Bwana Mushi alijiandaa vizuri. Soda, biskuti, projekta. Akazima taa, akawaonyesha picha ya dunia ikiwa duara, ya bluu, inazunguka.

Mama Minza akaitazama kwa makini. "Mwanangu, hiyo dunia ndiyo iliyochukua maji yetu?"

"Hapana, mama. Hiyo ni dunia yetu sote. Tunayatunza maji kwa ajili ya kizazi kijacho."

Mama Minza akageuka, akatuonyesha mgongo. "Kizazi kijacho ni hiki hapa. Tangu juzi hakijaoga."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, nikajifanya nakohoa. Ndipo wakatoa yote. Kwamba maji yale ndiyo waliyonyonyolea kuku wa gulioni. Ndiyo waliyooshea vyombo vyenye mafuta. Mzazi akijifungua, wifi anakimbia mtaroni na ndoo, na kabla majirani hawajamaliza vigelegele mtoto keshaoga. Sasa kila tone la moto linataka kuni, na kuni zinatoka kwenye ngitili, lile eneo la majani na miti ambalo kijiji kinalifungia ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Wazee wameshagombana. Watu wameanza kukata miti mibichi.

Bwana Mushi aliandika, akaitikia kwa kichwa. Lakini ya ngitili nadhani yalimpita, maana mjukuu wa Mama Minza alikuwa ameanza kulia akidai biskuti. Akasema kampuni itawafikiria: miche ya miti, pengine na kompyuta za shule. Mama Minza akasimama, akakunja kanga yake. "Tumesikia," akasema, kisha akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana."

Walipotoka Bwana Mushi akapumua. "Wameelewa."

"Wamesema wamesikia," nikamwambia.

"Si ndiyo hivyo hivyo?"

Wanangu, kama kuna kitu kimoja mtakachokumbuka, kiwe hiki: Msukuma akikwambia "nimekubali", nenda kalale. Akikwambia "tumesikia", kanunue betri za tochi.

Wakati huo tulikuwa tunangoja wageni, wateja wakubwa wa ng'ambo waliokuwa wananunua pamba yetu iliyochambuliwa. Siku hizi wateja wa namna hiyo hawatazami pamba peke yake. Wanataka kujua majirani wa kiwanda wanaishije. Mkurugenzi alituita akatuambia kwa sauti ya chini kwamba wakituacha hawa, zamu moja nzima itafungwa, na tulijua zamu hiyo ina akina nani. Nusu yao ni wana na wakwe wa Mwabuganga. Tukafagia mpaka mawe. Mbuzi wa mlinzi akapelekwa likizo kwa shemeji yake.

Asubuhi ya wageni nikafika kazini nikakuta malori ya pamba yamesimama msururu kutoka getini mpaka kwenye kona. Nikashuka kwenye bodaboda nikatembea. Mbele ya geti, katikati ya barabara, walikuwa wamekaa wanawake wa Mwabuganga. Hawakubeba bango. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanafua.

Walikuwa na mabeseni, walikuwa na mafiga, moto unawaka, masufuria makubwa yanachemka juu. Mmoja anaogesha watoto, mwingine ananyonyoa kuku, manyoya yanaruka mpaka kwenye pamba ya lori la kwanza, na dereva ameshuka anabishana na kuku. Mzee Ng'wandu amekalishwa kwenye beseni kubwa la bati, kaptura mwilini, taulo kichwani, ametulia kama chifu. Na akina mama wanaimba wimbo wa kulimia, ule wa kupokezana, kwa raha zao.

"Mama Minza," nikasema, "mnafanya nini?"

"Tunafua, shoga."

"Barabarani?"

"Ndipo palipobaki tambarare. Kaa, kigoda hicho."

Nikakaa. Ningefanya nini? Baba Shija alinifundisha kwamba ukipewa kigoda unakaa.

Bwana Mushi akaja anakimbia, na nyuma yake magari ya wageni yakatokea kwenye kona. Hakukuwa na pa kuyapitisha. Mgeni mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana, akashuka, akapita katikati ya mabeseni akiinua miguu kama korongo, akasimama mbele ya Mama Minza. Akauliza kitu kwa Kiingereza. Bwana Mushi akaniangalia. Nilimsoma machoni: alikuwa ananiomba niseme kwamba haya ni makaribisho ya kienyeji. Na kweli yangepita! Wimbo ulikuwepo, kuku walikuwepo, na Mzee Ng'wandu alifaa kabisa kuwa mtemi.

Lakini Mama Minza hakuwa na haja ya mkalimani. Aliushika mkono wa yule mgeni, akautia kwenye beseni la maji ya baridi. Kisha akautoa, akautia kwenye maji ya moto. Kisha akaonyesha kiwanda. Kisha akaonyesha lundo la kuni kando ya moto, mbichi, bado zina majani.

Yule mama akazitazama zile kuni. Bwana Mushi naye akazitazama. Nikaona uso wake unabadilika. Akachuchumaa, akaokota tawi, akalivunja, utomvu ukamchuruzika vidoleni. "Mama Kabula," akaniuliza polepole, "hizi ndizo za ngitili?"

"Ndizo."

"Kwa hiyo nimeokoa maji, nikakata msitu."

Kuna wakati mtu anatakiwa aachwe na tawi lake.

Akavua viatu, vile vyake vizuri, akaviweka kwenye kigoda, akasimama katikati ya lile tope la sabuni akawaambia wageni kwa Kiingereza maneno marefu. Nilishika machache. Alijinyooshea kidole kifuani, akaonyesha mtaro, akaonyesha Mzee Ng'wandu, na Mzee Ng'wandu akampungia mkono. Alipomaliza akaniambia kwa Kiswahili, "Nimewaambia nilikosea, na kwamba nilishauriwa niwaulize kwanza nikakataa. Sasa nisaidie kuwauliza. Wanataka mtaro wao urudi, au wanataka kitu bora zaidi?"

Nikauliza. Laiti nisingeuliza! Mkutano ule ulikula asubuhi yote, pale pale barabarani. Hakuna aliyetaka mtaro urudi kama ulivyokuwa, maana ng'ombe nao waliingia. Walitaka makaro ya kufulia, ya saruji. Wanawake vijana wakataka mabomba yawe juu ili wasiiname. Wakongwe wakasema juu maji yanaruka machoni. Mama mmoja akataka lisiwepo bomba linalotazama nyumba ya mawifi zake. Mzee Ng'wandu, bila kutoka kwenye beseni, akadai bafu la wanaume lenye ukuta na jiwe bapa la kulalia. Madereva wa malori wakaingilia wakapiga kura, na kumbe walikuwa na haki: nao waliogea kule. Bwana Mushi akachora chini kwa kijiti, wakamfutia kwa mguu, akachora tena. Ni yeye aliyegundua kwamba maji yanaweza kupita kijijini kwanza yakiwa ya moto, yakitumika yachujwe kwenye mchanga na kuteremshwa kwenye migomba, na mnara ubakiwe na yale tu yasiyotumika. Fundi mkuu akasema haiwezekani. Halafu akachuchumaa naye. Halafu akasema labda.

Wageni walikula ugali na wale kuku, kwa mikono, wakiwa wamekaa kwenye vibao vya lori. Barua yao ilipokuja ilitukaripia vya kutosha, lakini hawakutuacha. Zamu ilibaki. Bwana Mushi akabandika ile barua ukutani mwake yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwawashia tena projekta watu wa Mwabuganga. Alikwenda kwao na daftari tupu na michembe mfukoni.

Kabla makaro hayajafunguliwa tulipeleka maji kwa mkemia. Akasema kufulia na kuogea sawa, kunywa hapana. Mama Minza akashangaa. "Nani anywe maji ya moto, anaumwa?"

Siku ya uzinduzi, Mkurugenzi alitaka mambo yafanyike kwa heshima. Viti vya kukodi, turubai, kipaza sauti kinachopiga mluzi, mheshimiwa wa kukata utepe. Utepe wenyewe ulikuwa mwekundu, mpana, mrefu; niliufunga mimi mwenyewe nguzo kwa nguzo mbele ya makaro, nikaukaza vizuri, nikaenda nyumbani kubadili nguo. Niliporudi na msafara wa wakubwa nikaona toka mbali kwamba utepe umelegea katikati, na haukuwa mwekundu tena.

Walikuwa wameshaanza. Hakuna aliyewaambia wasianze. Maji yalikuwa yanatoka. Makaro yote yalijaa, povu mpaka magotini, na bafuni Mzee Ng'wandu anasikika akiimba. Na kwenye utepe, kwa kuwa ulikuwa kamba nzuri iliyokazwa vizuri mahali penye jua, walikuwa wameanika. Kanga, mashuka, sare za shule, na katikati kabisa, pale mheshimiwa alipotakiwa kukata, kaptura ya Mzee Ng'wandu.

Mheshimiwa akasimama na mkasi mkononi. Akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama Bwana Mushi. Bwana Mushi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama Minza.

Mama Minza akajifuta povu mikononi, akaja, akaipapasa ile kaptura mbele na nyuma.

"Bado mbichi," akasema. "Kaeni kwanza."

Tukakaa.